Waya Ambao Bibi Yako Aliukataa

Yasinta mama,

Sikuulizi hali kwa sababu asubuhi nimekuona ukimaliza bakuli la mtori na kuongeza lingine, kwa hiyo hujambo. Mimi nipo, goti ni lile lile. Umeshuka mjini Mkuu kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mapema, kwa hiyo mchana wote huu ni wangu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya ndizi za kuchoma. Ukiiona kabla basi halijapita Same, irudishe mfukoni. Sitaki uisome ukiwa bado unaweza kushuka ukarudi.

Habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki, shangazi yako atakuwa amezimaliza leo, na usiku atazirudia kwa simu ya jirani. Mimi nina jambo moja tu. Jumapili ulipokuwa unakunja nguo uliniuliza, "Baba, ni kweli bibi ndiye aliyekataa waya?" Nikakujibu kwamba kahawa inanyeshewa, nikatoka. Mvua haikuwepo. Kahawa nayo niliing'oa siku nyingi, na wewe mwenyewe ulinisaidia kubeba visiki. Nilisimama nyuma ya banda la ng'ombe, mzee mzima, mpaka niliposikia umeanza kupiga mswaki.

Ungekuwa unakwenda kufundisha shule, au kukaa dukani, swali hilo ningekufa nalo. Lakini unakwenda Makambako kwenye minara ya simu, na kazi yenyewe ni ile ile ya milingoti, radi, na waya wa shaba unaoshuka ardhini. Nilikuomba utafute kazi nyingine, ukanicheka, ukasema baba sasa umeanza uzee. Sawa. Nimeacha kuomba. Basi angalau nenda na habari jinsi ilivyokuwa, siyo ile ya ukoo.

Tena nimeliona begi. Umeandika kwa rangi nyeupe Doreen, herufi kubwa kabisa, kana kwamba ndilo jina lililotolewa kanisani. Chuoni nako najua walikuwa wanakuita hivyo. Sikulaumu. Jina la Yasinta umelipata kwa bibi yako mzaa baba kama desturi yetu inavyotaka, na tangu ungali mdogo umesikia wanawake pale bombani wakimwambia mtoto mkaidi, "Una ubishi wa Yasinta." Nani angependa kulibeba jina hilo hadi Makambako?

Sasa sikiliza. Nitaanza mbali kidogo, univumilie.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Moshi mjini, jirani na stendi. Unakikumbuka kidogo, ulikuwa unalala chini ya meza kwenye magunia. Kazi ilikuwepo, kwa sababu redio zilikuwa chache na mtu aliyekuwa nayo hakukubali ife. Kisha biashara ikafunguliwa. Redio za nje zikamwagwa sokoni kama nyanya, za plastiki, nyepesi, ikiharibika mtu anatupa ananunua nyingine. Mwanzoni niliwacheka wenye kuzinunua. Baadaye nikawa ninakaa kibandani kutwa nzima nikichoma risasi kwenye vipande vya waya ili nionekane nina kazi. Nikafunga, nikarudi huku Rombo kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi, nikawa mkulima wa kahawa wakati ule ule kahawa ilipokuwa inaanza kutushinda.

Mama yako alikuwa mhudumu wa zahanati ya parokia, hapo ng'ambo ya mfereji. Parokia ikapata simu ya upepo, ile redio ya kuongea na hospitali ya wilaya. Zahanati ilikuwa imevunjwa na wezi, kwa hiyo ikaamuliwa redio ikae sebuleni kwetu, maana palikuwa na mtu saa zote. Betri ya gari chini ya meza, sola juu ya bati, maiki imeninginia kwenye msumari. Fausta aliipenda ile redio kuliko saa ya ukutani. Asubuhi anaita, jioni anaita, anaeleza wagonjwa, anaomba dawa, anaomba gari. Sauti yake ilibadilika akiishika. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba akiongea nami hivyo nami nitamletea gari.

Wa kuifunga alitoka Machame. Mlutheri mrefu, mpole, fundi wa kweli; nilimwangalia anavyokaza nati nikajua mimi nilikuwa mbabaishaji. Bibi yako alimuuliza kama Walutheri wanakunywa mbege. Akanywa kibuyu chote, akapendwa papo hapo.

Mlingoti wa antena aliusimamisha kule juu, penye kile kilima nyuma ya migomba, kwa sababu hapo pana uwazi. Chini yake akapigilia fimbo ya shaba hadi ikazama yote. Halafu akapigilia nyingine hapa chini ya dirisha la sebule, kwa ajili ya redio yenyewe. Nikadhani kazi imekwisha. Yeye akatoa kwenye gari roli la waya mnene wa shaba, akasema bado kuunganisha. Fimbo ya juu na fimbo ya chini lazima zifungwe pamoja kwa waya mmoja uliozikwa, ulionyooka, usio na kona kali, kwa maana radi haipendi kona. Sururu ya kuchimbia akaiweka begani, akatazama mstari, akanyoosha mkono. Mkono ulielekea moja kwa moja kwenye masale, ile mimea ya uzio wa kaburi, pale alipolala babu yako.

Unapajua. Upande wa juu ni mwamba mtupu, huwezi kuzika hata sindano. Upande wa chini ni mfongo, ule mfereji wetu wa maji, na ng'ambo ya mfongo ni kwa baba yako mdogo, ambaye wakati ule hata salamu alikuwa amenikatia kwa ajili ya mpaka. Katikati palikuwa na njia moja tu, nayo ilipita ndani ya uzio wa masale, pembeni ya kichwa cha baba yangu.

Nilimwuliza fundi kwani kuna ubaya gani kila kimoja kikiwa na fimbo yake. Akanionyesha mfongo wetu. Akasema chukua mifereji miwili, mmoja kila upande wa nyumba, na nyumba ina mlango mbele na mlango nyuma. Mvua kubwa ikijaza mfereji wa juu, na wa chini ukawa mkavu, maji yatapita wapi? Nikasema yatapita ndani ya nyumba. Akasema basi umeelewa. Radi ikipiga mlingoti, ardhi ya kule juu inajaa kwa kitambo kidogo sana, na ardhi ya hapa dirishani ni tupu, na kati yao kuna waya wa antena, redio, na mtu. Ukiziunganisha zinajaa pamoja na kushuka pamoja, na aliye ndani hana tofauti ya kumpitia.

Nilielewa, Yasinta. Naomba uishike hiyo. Nilielewa siku ile kama ninavyoelewa leo.

Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, anatutazama. Akaniuliza yule Mmachame ananyooshea nini kidole kwa mume wake. Sasa Kimachame na Kirombo unajua mwenyewe, tukikutana inabidi tuongee Kiswahili kama wageni, na Kiswahili cha bibi yako kilikuwa cha sokoni na cha rozari. Hayo ya ardhi kujaa hakuyapata hata neno. Fundi akaniambia, "Mwambie mama, bila huu waya radi itapita kwenye redio, na itapita kwa aliyeishika."

Nikamgeukia mama yangu, nikamwambia kwa Kirombo kwamba fundi anaomba kupitisha waya pale kwa baba, anasema itakuwa vizuri zaidi.

Hivyo tu. Vizuri zaidi.

Akaacha kumenya. Katika maneno ya fundi alikuwa amedaka radi tu. Akasema, "Nimpelekee mume wangu radi kitandani?" Kisha akafikiri. Bibi yako hakuwa mjinga, na watu wanasahau kwamba alifikiri. Akaniuliza, "Na bila hivyo kunafaa?"

Nikamwambia, "Kunafaa, mama."

"Basi mwacheni alale," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Fundi akauliza amesemaje. Nikamwambia amekataa katakata. Kwa mama nilipunguza, kwa fundi nikaongeza. Yule bwana akasema yeye amesema, na mwenye nyumba ni mimi. Hakulichukua lile roli. Alilitundika stoo juu ya magunia ya kahawa, akasema mkibadili mawazo waya mnao.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yako. Nilijua kwamba nikimweleza vilivyo, hatakataa hivi hivi. Atasema tuite ukoo, tuchinje, tumwombe babu ruhusa kabla ya jembe kugusa pale. Na kuita ukoo maana yake ni kumwita baba yako mdogo, akae kwangu, anywe mbege yangu, aanze upya habari ya mpaka mbele ya wazee. Na fundi alikuwa anaondoka siku ile ile. Nilimwonea aibu na nikauogopa mkutano. Ilikuwa uvivu wa kugombana, basi. Watu hudhani jambo la kuua mtu lazima liwe na uzito wake, lakini lile langu lilikuwa jepesi, nililitamka nikiwa nimeshika kipande cha ndizi.

Ikakaa salama. Fundi alikuwa amefundisha kwamba wingu likikusanyika, chomoa waya wa antena kwenye redio, utoe nje dirishani, usishike kitu. Mama yako alifuata hivyo kama amri ya kanisa. Misimu ikapita, radi zikapiga miti ya watu, zikapiga ng'ombe wa mwalimu, sisi tupo. Nikawa ninaona kwamba Mmachame alitaka tu kumaliza waya wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya vuli. Wewe ulikuwa bweni kwa masista. Kahawa ilikuwa kwenye chanja, imebakiza kukauka kidogo tu, na wale wanunuzi binafsi walikuwa wameahidi kupita kesho yake na mizani zao. Wakati wa ushirika kahawa ikilowa unaianika tena unapeleka wiki ijayo. Hawa walikuwa wakipita mara moja, na ya kwako ikiwa na unyevu wanacheka, wanaendelea kwa jirani. Wingu likapanda upande wa Kenya, jeusi, haraka. Fausta akachomoa waya, akautoa dirishani, akafunga dirisha juu yake.

Ndipo wakamleta mwanamke kwenye machela. Alikuwa anatoka damu, mimba bado tumboni, ameshaanza kubadilika rangi. Mama yako alimtazama mara moja, akamfunika, akaingia sebuleni akafungua dirisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na turubai mikononi. Niliona anachotaka kufanya.

Nikasema, "Fausta, wingu."

"Naliona," akasema. "Wewe nenda kafunike kahawa."

Nikaenda kufunika kahawa.

Nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya turubai radi iliposhuka. Sitaki kukueleza mlio, umeusikia mwenyewe mara nyingi huku mlimani, na ule haukuwa tofauti na mwingine. Nilipoinuka mlingoti ulikuwa umesimama kama kawaida. Nikashukuru Mungu, fikiria, nikashukuru kabla ya kugeuka kutazama nyumba. Ndani palinuka mpira ulioungua. Redio ilikuwa imepasuka kifua. Mama yako alikuwa chini, maiki bado mkononi, na uso wake haukuwa na lolote la kutisha. Hilo nakuambia kwa sababu najua hukuwahi kuthubutu kuuliza.

Maneno yake yalikuwa yamefika. Hospitalini walisikia jina la kijiji na neno damu, wakaleta gari. Yule mama alipona, na mtoto wake akapona. Wapo Tarakea. Watu hunipoza kwa hilo, padri alinipoza kwa hilo kwenye mazishi. Halinipozi. Nafurahi wapo hai, na nikimwona yule mama sokoni napita njia nyingine.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Baba yako mdogo alikuja bila kuitwa mara mbili. Mtu akasema fundi alitaka kuunganisha waya, na mama akakataa. Nani alisema? Mimi nilikuwa nimeshawaambia wakati ule wa kufunga redio, kwa mzaha, jinsi bi kizee alivyomkatalia Mmachame. Mzaha ule ukarudi ukakaa katikati ya kikao. Wote wakamtazama bibi yako. Naye akanitazama mimi.

Usiku wa siku ileile, sisi wawili tumebaki jikoni, akaniuliza, "Yule Mmachame alisema mtu atakufa?"

Nikasema, "Hapana, mama. Hakusema."

Ningesema ndiyo, ningekuwa nimemwambia kwamba nilimficha. Nikasema hapana, na hapo nikamwachia mzigo wote peke yake, maana kama hakuna aliyejua hatari, basi kilichobaki ni ukaidi wa bi kizee na kaburi lake. Aliitikia tu kwa kichwa. Toka hapo hakuwa mtu wa maneno. Mvua ikianza alikuwa anatoka na khanga kichwani, anasimama pale penye masale, kati ya mume wake na mkwe wake, maana Fausta tulimlaza upande wa pili wa babu. Nilikuwa naenda kumshika mkono kumrudisha ndani, ananifuata kama mtoto. Njia ni fupi, lakini ningeweza kumwambia hapo. Kila mara ningeweza. Alikufa kabla ya vuli iliyofuata, na wanawake bombani wakapata msemo wao.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu. Bibi yako alikataa kitu kingine kabisa, kitu kidogo nilichomtengenezea mimi. Kuhusu waya wenyewe hakuwahi kuulizwa.

Utataka kujua pia kama Fausta angepona. Wewe umesoma, mimi nilijifunza chini ya meza za watu, lakini nitakwambia ninavyoamini. Mtu aliyeshika maiki wakati radi inapiga mlingoti wake yuko pabaya hata waya ukifungwa na malaika. Lakini angekuwa na nafasi. Tofauti ile ya juu na chini isingempitia yeye. Nafasi ndiyo niliyomnyima. Kiasi gani, sijui, na hakuna wa kuniambia.

Sasa wewe. Mambo ya fimbo na vifungo unayajua kunizidi. Kwamba usifunge juu ya rangi wala kutu, kwamba udongo mkavu wa majivu kama wetu unataka mkaa na chumvi na maji, hayo walikufundisha. Ambayo hawakukufundisha ni kwamba kule kwenye vilima mnara utasimama kwenye shamba la mtu. Hutajua Kihehe wala Kibena. Kutakuwa na bi kizee amekaa, na pembeni yake kijana wake, mwenye heshima, anayejua Kiswahili, anayetaka mmalize muondoke. Yule kijana ni mimi, Yasinta. Usimwamini. Kaa chini na yule mama mwenyewe, hata kama mtaongea kwa vidole, hata kama mtachimba mfereji wa mfano kwenye vumbi na kumwaga kikombe cha maji. Akikataa baada ya kuelewa, huo ni ukataaji wake na una haki yake, hamisha mnara. Bosi atakasirika.

Na mara nyingi utashindwa. Sitakudanganya kwamba ukweli ukisemwa vizuri unasikika. Kampuni itataka mnara uwake mwisho wa mwezi, na waya utapunguzwa. Ukifungwa vizuri, wezi wa shaba watauchimba wauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pale zahanati wameng'oa hata bati la choo. Utapanda mnara uliouacha mzima kumbe chini umeshakatwa. Kwa hiyo kabla hujaweka mguu kwenye ngazi, zunguka chini uone kwa macho yako, kila mara, hata kama ulikuwepo jana. Na wingu likiwepo, hakuna mgonjwa, hakuna bosi, hakuna mtu. Mama yako alikuwa na sababu nzuri kuliko utakayowahi kuipata wewe.

Najua utafanya kama yeye. Nimekulea, nakujua. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu asubuhi na sina la kutumaini.

Juzi ulipokwenda Moshi kufuata vyeti, niliingia stoo. Roli la Mmachame lilikuwepo bado, chini ya magunia matupu, limegeuka kijani. Huo ndio waya pekee wa shaba Rombo nzima ambao haujaibiwa, kwa sababu hakuna aliyejua upo. Nikachimba. Niliukunja mgongo hapo tangu umande haujakauka, kutoka mlingotini hadi dirishani, katikati ya masale. Leo pale pamelala watatu, babu, mama yako, na bibi, na mfereji umepita pembeni ya wote. Sikuita ukoo. Nilisugua vifungo kwa mchanga mpaka shaba ikang'aa, nikakaza, nikatia mkaa na chumvi ya ng'ombe, nikamwaga maji ya ndoo maana mfongo siku hizi ni mkavu. Uliporudi uliniuliza mbona udongo umechimbuliwa. Nikasema natafuta fuko.

Haina maana, najua. Redio ilikwenda kutupwa, parokia haikuleta nyingine. Mhudumu wa sasa ana simu ya mkononi na anapata mtandao akisimama juu ya jiwe nyuma ya kanisa, akiwa na bahati. Mlingoti unashikilia kunguru tu. Kihamba hiki baba yako mdogo anakihesabu kuwa chake nikishaondoka, na wanawe wataung'oa waya na kuuza. Ila kwa sasa, radi ikija, ardhi ya juu na ya chini zimefungwa pamoja, na ndani hakuna kitu cha kuokoa zaidi yangu.

Kuna jambo la mwisho. Unajua kwetu mtu akikukosea akakuletea sale, lile jani moja tu mkononi, huwezi kukataa kumsamehe. Hata kama ni damu. Asubuhi hii nilikata majani mawili. Moja nililiweka hapa mezani ili nilitie kwenye bahasha pamoja na barua, nikalitazama wakati wote nikiandika.

Sitalitia. Ukilipokea utakuwa umefungwa, utanisamehe kwa sababu ya desturi, ukiwa kwenye basi, mbele ya watu. Bibi yako alipewa jibu la kulazimishwa na mimi, na sitaki kumfanyia hivyo Yasinta mwingine. Ukitaka kukasirika, kasirika mpaka Makambako na zaidi. Usipoandika nitaelewa.

Jani la pili nimelizika leo kwenye kipande cha mfereji nilichokuwa sijakifukia, upande aliolala bibi yako, nimelifunga kwenye waya. Yeye hawezi tena kulikataa wala kulipokea, na hapo ndipo nilipomfikisha.

Nasikia mbwa wanabweka, utakuwa wewe unapanda njia. Ngoja nifunge.

Baba yako,
ambaye yupo hapa hapa